Jiwe Lililofutika Maandishi: Tulisomeje kwa Taa na Picha?



Mtu anayekaa Msimbati, au Shangani hapa Mtwara mjini, analijua jambo hili hata kama hajawahi kulitia maanani. Alfajiri, jua likichomoza baharini, mchanga wa ufukweni huwa kama ukurasa ulioandikwa. Utaona njia ya kaa, nyayo za mbwa, na alama ya dau lililokokotwa usiku. Kila shimo dogo lina upande mweupe na upande wa kivuli. Rudi pale pale saa sita mchana. Maji hayajafika, wala hakuna aliyefuta kitu. Lakini nyayo huzioni vizuri. Mchanga umekuwa mweupe mtupu, kama daftari jipya.

Kilichobadilika ni jua tu. Asubuhi jua lilikuwa chini, na mwanga wake ulipita ubavuni mwa mchanga. Mchana jua liko utosini, linaingia kila shimo sawasawa, na kivuli hakuna.

Fundi wa kupiga lipu analijua hilo pia. Akitaka kuona kama ukuta umenyooka, huweka taa karibu na ukuta, mwanga ukapita ubavuni. Kila tundu na kila kinundu hujitokeza. Ukiiweka taa mbele ya ukuta, hata lipu mbaya huonekana nzuri.

Basi, somo letu la leo linaanzia hapo. Tunataka kueleza jinsi wataalamu wanavyopiga picha kadhaa za kitu kimoja, kila picha kwa mwanga wa upande wake, halafu wakapata umbo kamili la kitu kile: urefu, upana na kina chake. Tunasema na kina. Picha ya karatasi ni bapa, haina kina. Lakini picha nyingi za bapa, zikipigwa kwa utaratibu, zinaweza kutuambia mfereji wa herufi umechimbwa kwa kina gani katika jiwe.

Hapa mtu anaweza kusema, "Mwalimu, sisi wakulima wa korosho hayo yanatuhusu nini?" Ni swali la haki. Tulijibu kwanza.

JINO MOJA LA TARAKIMU

Tuseme pana kaburi la zamani pembeni mwa kijiji, katika pwani yetu hii kati ya Mikindani na mdomo wa Ruvuma. Jiwe la kichwani ni la matumbawe, na mwaka umechongwa kwa tarakimu za Kiarabu. Wazee waliosoma chuoni wanajua ya kuwa 2 na 3 za Kiarabu zinatofautiana kwa jino moja tu pale juu. Matumbawe ni jiwe laini. Chumvi, mvua na upepo wa kusi vimelila miaka na miaka. Mzee mmoja anasoma 1234. Mwenzake anasoma 1334.

Mwaka 1234 wa Hijria ni sawa na 1818 au 1819 wa Kizungu. Mwaka 1334 ni sawa na 1915 au 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jino moja limebeba karibu miaka mia.

Wala si ubishi wa barazani tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kaburi la 1818 linaangukia ndani ya ulinzi huo moja kwa moja. La 1915 haliangukii. Siku barabara ikipimwa, au mtu akitaka mawe ya msingi wa nyumba, jino lile ndilo litakalosema. Na ukoo unaotaka kujua babu yao alifika lini pwani hii, nao wanategemea jino hilo hilo.

Sasa tazama watu hufanya nini wakishindwa kusoma jiwe. Mmoja huleta brashi ya waya akasugua ukungu. Mwingine hupaka chokaa jiwe zima ili kaburi lipendeze. Mwingine huchukua mkaa au rangi akafuata mistari anayodhani ni herufi. Huyu wa mwisho ndiye tunayemwogopa zaidi. Brashi hula jiwe, chokaa hujaza mifereji, lakini mwenye rangi huandika dhana yake juu ya neno la marehemu. Akipaka 3 mahali palipokuwa na 2, kila atakayekuja baada yake atasoma 3.

Sarafu nazo huharibiwa hivyo hivyo. Watu wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara huokota sarafu ndogo za shaba zilizofuliwa Kilwa zamani za masultani. Upande mmoja huwa na jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, yakiwa na vina pamoja na jina lile. Mwaka hazina. Kwa hiyo jina ndilo linalotuambia sarafu ni ya enzi gani. Mtu akiisugua kwa ndimu na mchanga ili ing'ae, huondoa lile jina. Anabaki na kipande cha shaba kinachong'aa, hakina habari.

Mwanga hausugui kitu. Hiyo ndiyo faida yake.

SINIA NA JUA LA JIONI

Tuelewe kwanza kanuni. Chukua sinia la duara. Saa kumi na moja jioni, simama mbele ya ukuta unaotazama machweo, jua likiwa mgongoni mwako. Inua sinia lilipokee jua uso kwa uso. Kivuli chake ukutani ni duara kamili. Sasa ligeuze taratibu, kama unavyofungua mlango. Kivuli kinabanwa, kinakuwa kama yai, halafu chembamba kama fimbo. Mwisho sinia likisimama kiubavu, kivuli ni mstari tu.

Kivuli kile ni kipimo cha mwanga uliopokewa na sinia. Mwanga ulioanguka juu ya sinia ndio ambao haukufika ukutani. Tuufananishe mgeuko wa sinia na mkono wa saa ya ukutani. Mkono ukiwa kwenye namba 12, sinia linalitazama jua, linapokea mwanga wote, tuseme sehemu 100. Mkono ukiwa kwenye namba 1, linapokea kama sehemu 87. Kwenye namba 2, ni nusu kamili, sehemu 50. Kwenye namba 3, halipokei kitu.

Mtaalamu mmoja wa Ulaya, Johann Heinrich Lambert, aliiandika kanuni hii kitabuni mwaka 1760. Lakini mama anayeanika makopa kwenye bati la mteremko unaotazama jua amekuwa akiitumia bila kitabu. Makopa yanayolitazama jua hupata mwanga mwingi zaidi, na hukauka upesi.

Haya. Sasa ufikirie uso wa jiwe la kaburi kuwa ni visinia vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, vimepangwa bega kwa bega. Kisinia hiki kimeinama kulia kidogo. Kile kimeinama chini. Vile pale vimelala bapa. Ukuta wa mfereji wa herufi ni safu ya visinia vilivyoinama upande mmoja. Ukiliwashia taa jiwe zima, kila kisinia hupokea mwanga kulingana na kinavyoielekea taa. Na kamera huandika, kwa kila kisinia, kiasi cha mwanga kilichorudi.

Kwa hiyo picha ni kama daftari la hesabu. Ukijua kiasi cha mwanga, unaweza kurudi nyuma ukakisia mwinamo.

Lakini picha moja ni mwongo mkubwa.

PICHA MOJA INADANGANYAJE?

Kwanza, kisinia chenye mwanga wa nusu kinaweza kuwa kimeinama kulia, au kushoto, au juu, au chini. Picha inasema "kimeinama kiasi hiki". Haisemi kimeinama upande gani.

Pili, weusi unaweza kuwa si mwinamo. Unaweza kuwa ni doa. Jiwe lina ukungu, lina masizi ya ubani, lina kinyesi cha ndege. Katika picha doa jeusi na mfereji wenye kivuli vinafanana kabisa.

Tatu ni jambo la macho yetu wenyewe. Mwenye simu yenye picha ya unyayo mchangani aitazame, halafu aigeuze kichwa chini miguu juu. Mara nyingi shimo la unyayo hugeuka kuwa kinundu! Mchanga haukubadilika. Ni kwamba macho yetu yamezoea mwanga utokao juu, kama jua. Tukiona upande wa chini una mwanga na wa juu una kivuli, tunadhani ni shimo. Ukigeuka mpangilio, tunadhani ni kilima. Tulilifanya jaribio hili na kikundi kimoja cha kisomo karibu na Mikindani, na ubishi ulichukua nusu saa. Bibi mmoja alikataa katakata ya kuwa picha ile ni moja. "Mwalimu, umenibadilishia," akasema. Tulimpa simu aigeuze mwenyewe.

Mwaka 1970 mtaalamu Berthold Horn, akiwa katika chuo cha MIT huko Marekani, alijaribu kuitoa sura ya kitu kutoka kivuli cha picha moja tu. Inawezekana kwa vitu vyenye umbo laini na rangi moja, lakini kwa jiwe lenye madoa ni kazi ngumu. Ndipo likaja wazo la kuongeza taa.

TAA TATU

Mvuvi wetu anayetafuta mwamba wake baharini hategemei alama moja ya nchi kavu. Akiona mnazi fulani umelingana na mnara wa msikiti, anajua yuko kwenye mstari mmoja, lakini hajui yuko wapi katika mstari huo. Akipata alama mbili nyingine zinazolingana upande wa pili, hapo anatia nanga. Mistari miwili imekatana, na pale inapokatana ndipo mwamba ulipo.

Kazi ya taa ni hiyo hiyo. Kwa kila kisinia kuna mambo matatu tusiyoyajua: kimeinama kiasi gani kulia au kushoto, kimeinama kiasi gani juu au chini, na rangi yake yenyewe ni nyeupe au nyeusi kiasi gani. Mambo matatu yanataka habari tatu. Basi tunapiga picha tatu. Kamera haisogei hata unywele. Jiwe halisogei. Kinachohama ni taa peke yake: kwanza kulia, kisha kushoto, kisha juu, umbali ule ule kila mara.

Tuchukue visinia vitatu, tusome hesabu zake.

Kisinia cha kwanza: taa ya kulia kimeng'aa 80, ya kushoto 20, ya juu 50. Huyu anaitazama taa ya kulia. Ameinama kulia.

Kisinia cha pili: 60, 60, 60. Taa zote zinamwona sawa. Huyu amelala bapa, na jiwe lake ni jeupe.

Kisinia cha tatu: 20, 20, 20. Tazama vizuri hapa. Ni mweusi, lakini ni mweusi kwa taa zote tatu. Mwinamo ungebadilika taa ilipohama. Kwa hiyo huyu naye amelala bapa, ila ana rangi nyeusi. Ni doa!

Tunaona hapa ndipo penye uzuri wa njia hii. Doa na mfereji havichanganyikani tena. Doa hubaki palepale na weusi wake, taa iende iendako. Mfereji hubadilisha kivuli kila taa inapohama. Ukisoma jiwe kutoka kushoto kwenda kulia, ukakuta safu ya visinia vilivyoinama kulia, kisha safu iliyoinama kushoto, umeshuka mferejini na kupanda tena. Ukikuta kinyume chake, kwanza kushoto kisha kulia, umepita juu ya tuta. Lile jino la 3 haliwezi kujificha, mradi limebaki hata unene wa ukucha.

Aliyeiweka njia hii katika hesabu kamili ni Robert Woodham wa Kanada, katika makala aliyoitoa mwaka 1980. Siku hizi hesabu hufanywa na kompyuta, maana visinia vya picha moja ni mamilioni.

Kutoka mwinamo mpaka kina kuna hatua moja tu. Mtu akitembea kilimani gizani, akajua kila hatua imepanda au imeshuka kiasi gani, akijumlisha hatua zote atajua amepanda kiasi gani tangu mwanzo. Kompyuta hujumlisha miinamo ya visinia jirani hivyo hivyo. Hatari yake nayo ni ile ile ya kujumlisha. Kosa dogo la kila hatua likirudiwa mara elfu ni kosa kubwa. Ndiyo maana jiwe lililonyooka linaweza kutoka katika hesabu limepinda kama bakuli, ingawa herufi zake zimetoka safi sana. Njia hii ni hodari kwa mambo madogo, kama mikwaruzo, herufi na nakshi. Kwa umbo zima la kitu kikubwa, si ya kuaminiwa peke yake.

Tena haipendi vitu vinavyong'aa. Sinia la mfano wetu linarudisha mwanga kila upande kwa upole, kama mchanga au ukuta wa chokaa. Lakini kinyago cha Kimakonde cha mpingo, kikishapigwa msasa na kupakwa nta, hurudisha mwanga kwa mkupuo mmoja kama kioo. Kompyuta ikiona nuru ile hudhani kuna mwinamo mkali. Jiwe lililolowa maji nalo ni hivyo. Basi msilimwagie maji jiwe ili lisomeke. Mbali na kulidhuru, mnaharibu picha.

Na mfereji ukiwa wa kina sana, ukuta mmoja huutia kivuli ukuta wa pili. Penye kivuli hakuna habari. Ndiyo sababu wataalamu hawaishii taa tatu. Mwaka 2001 Tom Malzbender na wenzake wa kampuni ya Hewlett-Packard, Marekani, walionyesha njia ya kuunganisha picha kadhaa za mianga mbalimbali ndani ya kompyuta. Msomaji anaiamrisha taa ya kompyuta ihame atakako, jiwe likabadilisha vivuli mbele ya macho yake kana kwamba amelishika. Mwaka 2005 walikwenda Athens, Ugiriki, wakapiga picha mashine ya shaba ya zaidi ya miaka 2,000 iliyoopolewa baharini mwaka 1901 katika merikebu iliyozama. Walitumia kuba lililojaa taa ndani yake. Picha zile, pamoja na picha za eksirei, zikasaidia kusoma maandishi yaliyokuwa hayasomeki. Shaba iliyokaa chumvini karne 20 ilisema!

Kwa sarafu za Kilwa njia hii ingefaa sana, maana herufi zake ni fupi na shaba imeliwa. Si haba zilizopo. Huko Songo Mnara wachimbaji wa mambo ya kale walikuta akiba ya sarafu zaidi ya 300 mahali pamoja. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mbali namna ile! Wanaobishana zilifikaje huko wanaanza na jina la sultani lililo juu ya sarafu.

DADA YA NJIA HII: NYAYO ZA LAETOLI

Msichanganye njia hii na dada yake. Dada huyu anafanya kinyume: taa inabaki palepale, kamera ndiyo inayohama. Unapiga picha za kitu kutoka pande nyingi, na kompyuta inalinganisha sehemu zinazofanana. Ni kama macho yetu mawili. Ukifumba jicho moja, kuchomeka uzi katika sindano ni taabu, kwa sababu jicho moja halipimi umbali vizuri.

Hapa Tanzania dada huyu amefanya kazi kubwa Laetoli, katika eneo la Ngorongoro. Mwaka 1976 watafiti wa timu ya Mary Leakey, wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mchezo (ndiyo, watu wazima wenye digrii), mmoja wao akaanguka, akaona nyayo za wanyama katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Umri wake ni karibu miaka milioni 3.66. Ni karibu nyayo 70, katika njia ya mita 27 hivi.

Nyayo zile hazikuachwa wazi. Zilifukiwa tena ili zisiliwe na mvua na mifugo. Miti ya migunga ikaota juu yake, mizizi ikashuka. Ikabidi zifukuliwe katika miaka ya 1995 na 1996 na wataalamu wa Serikali pamoja na wa taasisi ya Getty ya Marekani, zipimwe kwa picha, mizizi iondolewe, zifukiwe upya. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kupima kina cha kisigino kile leo hachimbui ardhi. Anapima picha. Na mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao, walitangaza nyayo nyingine mpya pale Laetoli. Walizipiga picha kutoka pande nyingi, wakatengeneza umbo lake ndani ya kompyuta, na kutokana na urefu wa unyayo wakakadiria kimo cha mmoja wao kuwa karibu sentimita 165. Ni kimo cha mtu wa kawaida hapa kwetu.

Ndugu hawa wawili hufaa wakishirikiana. Kamera inayohama hutoa umbo zima bila kupinda. Taa inayohama hutoa jino la tarakimu.

TUJARIBU WENYEWE

Si lazima muwe na kompyuta. Kazi ya kwanza, ya kupiga picha vizuri na kuzitunza, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifanya. Hesabu zinaweza kufanywa baadaye na mwenye chombo. Na mara nyingi macho peke yake yanatosha. Katika kikundi kile cha Mikindani tulianza na shilingi ya mwaka 1966, ile yenye picha ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili. Ilikuwa imesuguka mpaka tarakimu hazionekani. Tulizima taa ya chumba, tukawasha koroboi, tukaishusha mpaka mwali ukawa karibu sawa na meza. Kijana mmoja akaizungusha taratibu. Ilipofika upande wa madirisha, akapiga kelele: "Sita! Sita mbili!" Upande mwingine wote wa mzunguko hakuona kitu. Taa ilitaka kuingia kutoka pembe moja tu.

Kwa jiwe la kaburi fanyeni hivi. Kwanza ombeni ruhusa ya ukoo wenye kaburi, na mwambieni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Msiende usiku na tochi makaburini bila watu kujua, mtaitwa wachawi. Magharibi, jua likiisha kuzama, ni saa nzuri. Ondoeni majani makavu kwa mkono au kwa ufagio laini, basi. Msikwangue.

Isimamisheni simu juu ya kiti au debe lenye mchanga, ilitazame jiwe uso kwa uso. Tumieni ile saa ya kujipiga yenyewe, ili kidole kisiitikise. Mwanga wa simu yenyewe uzimwe. Simu nyingi hujirekebisha nuru zenyewe kila picha, na hilo huvuruga hesabu. Gusa na ushikilie kidole juu ya kioo mpaka nuru ijifunge, kama simu yako inaweza. Wekeni rula kando ya jiwe ili ukubwa ujulikane, na gololi nyeusi inayong'aa. Mnashangaa gololi ya nini? Nukta ya mwanga juu ya gololi huonyesha taa ilikuwa upande gani. Wataalamu nao hutumia tufe jeusi namna hiyo.

Halafu kamba. Kama jiwe lina upana wa sentimita 40, kateni kamba ya mita moja na nusu. Mmoja ashike mwisho mmoja karibu na katikati ya jiwe bila kuligusa, mwenye tochi ashike mwisho wa pili. Kamba ikinyooka, umbali ni sahihi. Iondoeni kamba, pigeni picha. Sogeeni upande mwingine, kamba tena, picha tena. Zungukeni jiwe pande nane, tochi ikiwa chini. Kisha zungukeni mara ya pili tochi ikiwa juu kidogo. Mtapata picha 16. Msizipambe, msizikate, msizipunguze. Andikeni katika daftari tarehe, jina la mahali, na nani alikuwapo. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine mpelekeeni Afisa Utamaduni wa Wilaya.

Mama mmoja alituuliza, "Na kama baada ya yote hayo jino halionekani?" Tulimwambia basi jiwe limeliwa pale, na hakuna taa itakayorudisha kilichokwisha kwenda. Lakini picha zitaonyesha jiwe lilivyokuwa mwaka huu. Mwakani litakuwa limeliwa zaidi.

Kuna mawe yaliyobahatika. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi yaliyochongwa katika matumbawe yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Yako ndani ya jengo, mvua haiyafikii, na mwaka umeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu. Yetu mengi yako nje, chini ya mibuyu na minazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kisinia kimoja kimepata 30 kwa taa ya kulia, 70 kwa ya kushoto, na 50 kwa ya juu. Kimeinama upande gani? Kingine kimepata 15, 15, 15. Je, ni mfereji au ni doa?

2. Kwa nini kamera isisogee taa inapohama? Na katika njia ya Laetoli, kwa nini kamera isogee?

3. Chukueni sarafu iliyosuguka na tochi. Chorani saa ya ukutani kwenye karatasi, wekeni sarafu katikati. Tochi ilipokuwa kwenye namba ngapi ndipo mwaka ulipoonekana?

4. Kijijini kwenu kuna jiwe, kaburi au mlango wa nakshi wenye maandishi? Nani aliye hai anayeweza kuyasoma, na ana umri gani?